Miaka Kumi Kazini, Mwaka wa Kwanza Chuoni

Mtaani waliitwa watu wa mradi. Walijulikana kwa fulana zenye nembo, mabegi ya semina na lile gari jeupe lililokuwa likiwashusha jioni. Wengine waliingiza takwimu za wagonjwa kwenye kompyuta za CTC, kliniki ya matunzo na tiba kwa wenye VVU. Wengine waliwafuata watoro, yaani wagonjwa walioacha dawa za kufubaza VVU, hadi vijiji visivyofikika kwa daladala. Wapo waliotoa ushauri nasaha, walioendesha magari na walioandika ripoti za robo mwaka. Mkataba ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja, lakini ukihuishwa mara nane mtu huanza kuuona wa kudumu. Anachukua kiwanja, anampeleka mtoto shule ya kulipia.

Januari 20, 2025, siku aliyoapishwa kwa mara ya pili, Rais Donald Trump alitia saini amri ya kusimamisha kwa siku 90 misaada ya nje ya Marekani, iliyokuwa ikilipia miradi hiyo, ili ipitiwe upya. Zikafuata barua za kusimamisha kazi. Mwezi Machi Waziri wa Mambo ya Nje wa nchi hiyo, Marco Rubio, akatangaza kwamba asilimia 83 ya programu za USAID, shirika la misaada la Marekani, zimefutwa, na Julai 1 shirika lenyewe likafungwa. Hapa kwetu Tanzania, watu waliokuwa wakisubiri mkataba wa mwaka ujao wakajikuta wanasubiri stahiki zao.

Kuna waliofungua duka la dawa au genge, kuna waliorudi shambani. Wapo pia waliorudi chuo, na kundi hili ndilo linalonivutia, kwa kuwa uamuzi wao kwa macho ya jirani unaonekana wa ajabu. Kazi imekwisha, fedha zinapungua, na wewe ndiyo kwanza unakwenda kulipa ada?

Ajabu hiyo inapungua ukijua waliingiaje kazini. Miradi ilikuwa na haraka. Mtu alianza kwa kujitolea akiwa na cheti cha kidato cha nne, akaonekana ana bidii, akapewa kompyuta, akapelekwa semina. Miaka ikaenda, naye akawa ndiye anayewafundisha wapya. Kabatini ana bahasha nene ya vyeti vya semina: siku tatu Morogoro, siku tano Dodoma, vyote vimepigwa mihuri na kutiwa saini. Sasa anafungua tangazo la ajira la halmashauri, anakuta linataka stashahada kutoka chuo kinachotambuliwa na serikali. Bahasha nzima haina karatasi hata moja inayojibu sharti hilo. Mtu huyu harudi chuo kutafuta ujuzi. Anakwenda kuutafutia karatasi ujuzi alio nao.

Fedha zenyewe hazina siri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa aliyeachishwa kazi kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka kamili wa utumishi, na hesabu inakomea miaka kumi. Aliyetumikia miaka kumi na aliyetumikia ishirini na mitano wote wanaishia siku 70. Posho, ambazo kwa mtu wa mradi ndizo zilizokuwa zikijenga nyumba, hazimo katika hesabu hiyo. Upo pia mfuko wa hifadhi ya jamii: aliyechangia miezi isiyopungua 18 hupata fao la kukosa ajira, theluthi moja ya mshahara kwa miezi sita. Zamani kulikuwa na fao la kujitoa, mtu akaondoka na michango yake na kulipa ada ya miaka miwili bila kumpigia simu mjomba. Mageuzi ya 2018 yaliliweka kando kwa hoja kwamba michango ni ya uzeeni. Hoja ina uzito. Ila anayerudi chuo naye anajiwekea akiba ya uzeeni, na mfumo hauna dirisha la kumpokea mtu wa namna hiyo.

Mkopo je? Kwa miongozo ya miaka ya karibuni, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu inataka mwombaji asiwe amevuka miaka 35, na awe amemaliza kidato cha sita au stashahada ndani ya miaka mitano iliyopita. Mtu wa mradi mwenye miaka 38, aliyemaliza shule enzi za Rais Mkapa au mwanzoni mwa enzi za Rais Kikwete, hana haja hata ya kufungua tovuti.

Upande wa pili, baada ya chuo, upo ukuta mwingine ambao wengi huusahau. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma kwa kawaida yanataka mwombaji asizidi miaka 45. Tuseme huyo wa miaka 38 anaanza astashahada na stashahada, miaka mitatu, kisha anaunganisha shahada ya miaka mitatu. Anahitimu na miaka 44. Amebakiwa na mwaka mmoja wa kutuma maombi.

Ndiyo maana nawashangaa wanaomshauri kila aliyepoteza kazi akachukue digrii. Shahada kwetu ni heshima ya familia nzima, picha ya joho inatundikwa sebuleni, nami sidharau jambo hilo. Lakini aliyeachishwa kazi akiwa na miaka 38 angeanza kusoma matangazo ya ajira kabla ya kusoma vipeperushi vya vyuo. Aone kazi aliyokuwa akiifanya inaitwaje serikalini au hospitali binafsi, inaombewa kwa ngazi gani, kisha anunue ngazi hiyo tu. Mara nyingi ni stashahada. Mwenye shahada ya sosholojia anayekimbilia stashahada ya uzamili ya ualimu naye ahesabu kwanza walimu wangapi wa somo lake wako mtaani wakisubiri.

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba nchi hii iliwahi kufikiri kinyume kabisa. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU, chama tawala cha wakati huo, ilikutana Musoma na kuamua kwamba anayemaliza kidato cha sita asiende chuo kikuu moja kwa moja. Aende kwanza jeshi la kujenga taifa, afanye kazi, kisha aje na mapendekezo ya alikofanya kazi na ya chama. Azimio lilikuwa na kasoro zake. Wasichana walipungua chuoni hadi masharti yakalegezwa kwao, na katika miaka ya 1980 utaratibu wenyewe ukaachwa. Hata hivyo lilibeba wazo moja zito: kazi ni sehemu ya sifa za kuingia chuo. Siku hizi mtu mwenye miaka kumi ya kazi anasimama kwenye foleni ya udahili, na kinachoulizwa ni alama alizopata akiwa na miaka 17.

Milango haijafungwa yote. Chuo Kikuu Huria, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina vituo mikoani, na watu wamesoma huko wakiwa na watoto mgongoni. Upo utaratibu wa kutambua maarifa yaliyopatikana nje ya darasa kwa wanaotaka kuingia chuo kikuu. VETA nao hurasimisha ujuzi wa mafundi: mwashi, seremala au mpishi anapimwa kwa alichokwisha kukijua, anapewa cheti. Mtunza takwimu wa kliniki hana fundi wa kumpima. Fani yake ilizaliwa na mradi, na mradi umekwenda.

Darasani kwenyewe mambo yana vichekesho vyake. Anaingia mhadhiri wa miaka 29, na kwa muda mfupi haijulikani nani amwamkie nani shikamoo. Vijana humwita huyu wa mradi "mama" au "mzee", kisha humwachia kazi ya kikundi, kwa kuwa wameona anachapa haraka na ana fedha kidogo za kudurufu. Akikosa kipindi kwa sababu mtoto anaumwa, hakuna fomu inayojua kwamba mwanafunzi anaweza kuwa na mtoto.

Kisha kinafika kipindi cha takwimu. Mhadhiri anaeleza kwa nini hesabu za madaftari mawili ya zahanati moja hazilingani. Yule aliyekaa nyuma anajua zaidi ya kitabu: mgonjwa mmoja hujiandikisha kwa majina mawili kwa kuogopa kuonekana na majirani, muuguzi hujaza daftari jioni kwa kukumbuka, na mwisho wa robo mwaka kila mtu anataka lengo lifikiwe. Hapo ndipo chuo kinapompa kitu ambacho semina hazikumpa. Kwa miaka kumi alisahihisha makosa hayo moja moja. Sasa anaelezwa kwamba makosa yana tabia, yanaelekea upande mmoja, na yanaweza kukadiriwa. Karatasi aliyoifuata bado iko mbali, lakini siku hiyo haijutii ada yake.

Jambo moja la kufanya mapema, kabla ofisi hazijatawanyika: sheria hiyohiyo ya 2004 inamtaka mwajiri ampe anayeondoka cheti cha utumishi. Ndicho kinachothibitisha kwamba ile miaka kumi ilikuwepo, na mwenye kutaka maarifa yake ya kazini yatambuliwe atakihitaji. Miradi ilifungwa kwa pupa, ofisi zikarudishwa kwa wenye nyumba, magari yakaondolewa. Aliyeondoka bila cheti hicho sasa anamtafuta mkurugenzi wake wa zamani amtilie saini, na asishangae akimkuta chuo hichohicho, jengo la uzamivu, naye akitafuta saini ya mkubwa wake aliyekwisha kurudi Marekani.