Hospitali Safi Isiyokuwa na Mgonjwa

Miongoni mwa michezo ya kuchekesha iliyopata kuonyeshwa katika televisheni juu ya mambo ya dola, sijaona uliofunua siri za madaraka kwa adabu nyingi na makelele machache kama Yes Minister, mchezo wa Kiingereza uliotungwa na Antony Jay na Jonathan Lynn, ukaanza kurushwa na BBC mwezi wa Februari 1980, na ukaendelea, pamoja na mwendelezo wake uitwao Yes, Prime Minister, mpaka Januari 1988, zikatimia sehemu 38 kwa jumla. Mimi ni mmoja wa wapenzi wake, na mapenzi hayo sina haja ya kuyaficha. Lakini mpenzi mwaminifu, akiisha kucheka, hujiuliza amecheka nini na amemcheka nani. Sehemu moja ya mchezo huu, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Februari 1981, inastahili kuulizwa hivyo kuliko nyingine zote.

Wahusika wakuu ni watatu. Wa kwanza ni Jim Hacker, aliyechezwa na Paul Eddington: waziri wa Mambo ya Utawala, si mwovu wala si shujaa, apendaye kusifiwa na magazeti na acheleaye kupoteza kura. Wa pili ni Sir Humphrey Appleby, aliyechezwa na Nigel Hawthorne: Katibu Mkuu wa wizara, msomi wa lugha za kale, fasihi wa ulimi, ambaye akitaka jambo lisieleweke hulieleza kwa sentensi ndefu hata msikilizaji akasahau alichouliza. Wa tatu ni Bernard Woolley, aliyechezwa na Derek Fowlds: katibu wa waziri, kijana aliyenaswa baina ya mabwana wawili, kwani amtumikiaye leo ni waziri, ila mwenye kalamu ya kumpandisha cheo kesho ni Katibu Mkuu. Mawaziri huja na kwenda kwa matakwa ya wapigakura na ya mkuu wao. Makatibu hubaki, na faili hubaki nao. Katika tofauti hiyo ndimo mchezo mzima ulimojengwa.

Katika sehemu niitakayo, waziri anapata habari kwamba mjini London imo hospitali mpya, iliyokwisha kufunguliwa zaidi ya mwaka mzima, yenye watumishi wapatao mia tano na zaidi, makarani, wahasibu, wapishi, wafagizi na watunza bustani, isipokuwa haina daktari, haina muuguzi, wala haijapata kulaza mgonjwa hata mmoja. Anakwenda kuizuru, naye mama mkuu wa utawala anampokea kwa fahari ya dhati na kumtembeza katika wodi zinazong'aa na vyumba vya upasuaji ambavyo havijaona damu. Waziri anapouliza wagonjwa wako wapi, anajibiwa kwa upole kama mgeni asiyejua adabu za mahali, kwani hospitali hiyo ni miongoni mwa zinazosimamiwa vyema katika nchi nzima, na kwa usafi imepata tuzo. Na ni kweli: penye wagonjwa huingia uchafu, na pasipo wagonjwa usafi haupati adui.

Waziri anarudi ofisini amefura, na hapo ndipo Sir Humphrey anapoonyesha ustadi wake. Hakani jambo lolote. Anauliza tu kama jeshi huvunjwa kwa sababu hakuna vita. Anaeleza kwamba watumishi mia tano wana kazi nyingi kwelikweli, kwa kuwa kuwaajiri, kuwalipa, kuwalisha na kuwaandikia taarifa watu wengi kiasi hicho ni kazi isiyokwisha, awepo mgonjwa asiwepo. Mtazamaji anajikuta ametikisa kichwa kukubali kabla ya kutanabahi kwamba amekubali wazimu. Kisha, waziri anapotaka kuwaachisha makarani ili fedha zao ziajiri madaktari, chama cha wafanyakazi kinatishia mgomo, na mtazamaji hupewa kujua kwamba mkono wa Katibu Mkuu haukuwa mbali na tishio hilo. Hatima yake, serikali inakuwa na wakimbizi kutoka Kuba wasiokuwa na pa kuwekwa, nao wanapelekwa katika hospitali ile. Watumishi wanabaki na ajira zao, waziri anaonekana mwenye huruma, Katibu Mkuu anaonekana mwenye busara, na kila aliyeketi mezani anainuka ameshinda.

Ufundi wa sehemu hii ni kwamba hamna mwongo ndani yake. Hakuna aibaye, hakuna alaye rushwa, hakuna mvivu. Kila mtu anatenda wajibu wake kama ulivyoandikwa, na jumla ya wajibu huo wote ni upuuzi mtupu. Mwandishi wa daraja ya chini angaliweka mwizi mmoja katika hospitali ile, na sisi tungalifarijika, kwa maana mwizi hukamatwa. Jay na Lynn walitunyima faraja hiyo.

Wala si kwamba waliyatunga haya kwa ndoto. Walikuwa na desturi ya kuzungumza kwa siri na watu waliopata kukaa karibu na madaraka, akiwemo Bernard Donoughue, aliyekuwa mshauri wa mawaziri wakuu wawili, na kuhusu hospitali hii Lynn alisimulia baadaye kwamba, walipochunguza, waligundua mahali pasipopungua sita nchini mwao palipofanana na walivyoandika, pamoja na hospitali moja ambayo mgonjwa wake wa pekee alikuwa ni muuguzi mkuu mwenyewe, aliyejikwaa katika majukwaa ya waashi akavunjika mguu. Kweli ilikuwa imewatangulia kwa hatua moja.

Sasa nije kwa mpenzi mashuhuri wa mchezo huu, ambaye alikuwa Waziri Mkuu wa Uingereza, Margaret Thatcher. Hakuupenda kimyakimya. Januari 1984, katika sherehe ya kuwatuza watungaji iliyoandaliwa na jumuiya ya watazamaji iliyoongozwa na Mary Whitehouse, alipanda jukwaani pamoja na Eddington na Hawthorne, akacheza kipande kifupi ambamo Waziri Mkuu anaamuru wataalamu wa uchumi waondolewe wote. Waigizaji wale hawakuifurahia shughuli hiyo, na Lynn, alipopokea tuzo, alimshukuru kwa kuwa hatimaye ameshika mahali pake pa haki katika fani ya vichekesho. Ukumbi uliangua kicheko.

Lakini kwa nini mtawala aupende mchezo unaoucheka utawala? Jibu naliona ni hili: katika Yes Minister kikulacho ki nguoni mwako, na kikulacho ni karani. Waziri anataka mema akazuiliwa. Anaahidi akafungwa mikono. Kiongozi aliyekwisha kutawala karibu miaka mitano angeweza kuketi mbele ya mchezo ule na kujihesabu upande wa wachekao, asijione upande wa wachekwao. Kwetu Afrika ya Mashariki vichekesho vimeshika njia nyingine. Kipindi cha Redykyulass nchini Kenya, tangu zama za Rais Daniel arap Moi, na XYZ Show, iliyoanzishwa mwaka 2009 na mchoraji Gado kwa vikaragosi vya sura za wakubwa, vilimlenga mtawala mwenyewe usoni, kwa sauti yake na mwendo wake. Hiyo ni shabaha yenye ushujaa, ila ina upungufu wake, kwani mtu huondoka na kiti hubaki. Na kiti chenyewe tunakijua: Tanganyika mwaka 1961 na Kenya mwaka 1963 zilirithi kutoka Uingereza mpango uleule wa waziri na Katibu Mkuu wake, na asiyewahi kusimama mbele ya dirisha la ofisi ambako kila karatasi imo mahali pake na shida yake haina mahali ni mwenye bahati adimu.

Hukumu yangu, basi, ni kwamba sehemu hii ni kilele cha sanaa ya kuchekesha juu ya dola, na kwamba ina deni moja. Katika hadithi nzima ya hospitali hatumwoni mgonjwa anayengoja kitanda. Waziri na katibu wanapigana, wanapatana, nasi tunasahau kuuliza nani ameugua nyumbani. Msomaji atakayeitazama, na aitazame kwa furaha, lakini asimsamehe waziri kwa sababu tu anachekesha: yeye ndiye aliyepigiwa kura, na yeye ndiye apaswaye kujibu.