Uamsho haupimwi kwa kipaza sauti

Huku Waithaka, viungani magharibi mwa Nairobi, haupiti mwezi bila bango jipya la "uamsho" kubandikwa kwenye nguzo ya stima. Picha ya mhubiri, suti safi, tarehe, nambari ya M-Pesa. Wasomaji wa Pwani mniwie radhi kwa neno lenyewe. Najua upande wa Unguja, Uamsho ni jina la jumuiya ya Kiislamu na lina historia yake. Mimi nazungumzia uamsho wa Wakristo, na jinsi mtu wa kawaida anavyoweza kuutambua ulio wa kweli.

Kipimo hakiko mbali. Mwaka 1929, mjini Kampala, Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya misheni ya Gahini nchini Rwanda, alikutana na Mganda Simeoni Nsibambi. Church alikuwa amechoka. Rwanda ilikuwa imepigwa na njaa kali. Wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Miaka michache baadaye Gahini ikawaka, Uganda ikafuata, na mwaka 1937 kikundi kikafika Kabete, majirani zetu hapa. Waganda waliwaita Balokole, yaani waliookoka. Wakikuyu wakasema ahonoki.

Walifanya nini? Walikutana wakakiri dhambi kwa kuzitaja, si kwa mafumbo. Aliyeiba alirudisha. Aliyemchukia jirani alikwenda kumwomba msamaha. Hata wamisionari Wazungu walisimama wakakiri kiburi chao mbele ya Waafrika, jambo ambalo katika ukoloni wa miaka ya 1930 lilikuwa kioja. Wimbo wao, Tukutendereza, ukaimbwa na makabila mengi ukiwa vilevile kwa Kiluganda.

Si kwamba walikuwa malaika. Walikuwa wakali, wepesi wa kuhukumu, na wakubwa wa kanisa waliwaona wasumbufu. Mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa katika chuo cha makasisi cha Mukono, Uganda, akiwemo William Nagenda.

Lakini mtihani mkubwa ulikuja Ukikuyuni, baada ya hali ya hatari kutangazwa Oktoba 1952. Mau Mau walikuwa na dai la haki: ardhi ilikuwa imenyakuliwa, na huku kwetu hakuna asiyelijua hilo. Ndugu wa uamsho walikataa kiapo, wakisema damu ya Yesu imewatosha. Baadhi yao waliuawa. Wengi wakakataa pia kushika bunduki za serikali, kwa hiyo mkoloni naye akawashuku. Fikiria kukaa kijijini usiku ukiwa huna upande wa kukulinda! Mmoja wa viongozi wao, Obadiah Kariuki, alikuwa shemeji wa Jomo Kenyatta aliyekuwa kizuizini; mwaka 1955 akawekwa wakfu kuwa askofu.

Na Uganda, Askofu Mkuu Janani Luwum, mtoto wa uamsho huohuo, alimpinga Idi Amin kuhusu mauaji, naye akauawa Februari 1977.

Ndiyo maana vipaza sauti havinisisimui. Watu kulia, kuanguka, kunena kwa lugha, hayo yanaweza kuwemo au yasiwemo. Mimi huangalia Jumatatu: nani amelipwa deni lake, mwajiri gani amemlipa yaya mshahara wa miezi aliyomnyima, nani ameondoa kesi mahakamani.

Hili la kesi linatugusa sana hapa Waithaka. Mashamba ya mababu yamegawanywa yakawa viploti, bei imepanda, na ndugu wa tumbo moja wanashtakiana juu ya futi chache za mpaka. Wengi wao ni waumini wa kanisa moja. Wanaingia ibadani kwa milango tofauti, wanaimba Tukutendereza ileile, kisha wakili anapiga simu kukumbusha tarehe ya kusikilizwa.