Tazama Mlima Kabla ya Kutazama Mto

Redio inapotangaza kwamba mvua kubwa inatazamiwa katika sehemu za milimani, wengi wetu huchungulia nje. Tukiliona jua, husema kwamba tangazo hilo halituhusu. Fikira hiyo ni ya hatari. Mafuriko ya ghafula hayangoji wingu lifike juu ya paa lako. Yatosha mvua inyeshe kule unakotoka mto ulio jirani nawe.

Mfano mmoja ni Mbale, mji uliokaa chini ya Wanale, tawi la mlima Elgon wenye kimo cha mita 4,321. Usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 31 Julai 2022, mvua kubwa ilinyesha, na mito Nabuyonga na Namatala ikavunja kingo zake. Watu zaidi ya 20 walipoteza maisha, na miongoni mwao wamo abiria ambao gari lao lilisombwa na maji. Huko Kasese nako, mto Nyamwamba utokao Rwenzori ulifurika mwezi wa Mei 2013, ukafurika tena Mei 2020, na hata hospitali ya Kilembe haikusalimika.

Tufanye hesabu ndogo. Mvua ya milimita 50 ikinyesha juu ya kilomita moja ya mraba, huwa ni maji lita milioni 50. Penye msitu, ardhi hunywa sehemu ya maji hayo. Penye mteremko uliofyekwa, au udongo ulioloa tangu jana, sehemu kubwa zaidi hukimbilia bondeni kwa saa chache tu.

Madereva wazingatie mambo haya. Maji yaendayo kasi, yenye kina cha sentimita 15, yaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 zaweza kulielea gari dogo. Na sentimita 60 huyachukua magari mengi, hata yale makubwa kiasi. Tena maji ya matope huficha barabara iliyokwisha katika chini yake. Asubuhi, katika vilima vya Kigezi, ukungu huongeza hatari, kwa kuwa dereva huyaona maji akiwa amekwisha yafikia. Apunguze mwendo na ainamishe taa, maana taa kali hurudishwa na ukungu machoni pake mwenyewe.

Kwa akina mama walio nyumbani, huku waume wakiwa kazini au safarini, shauri letu ni hili: msingoje amri ya baba ndipo mhame. Mto ukibadilika rangi ghafula, ukileta matawi na takataka, au mkisikia mngurumo kutoka juu, chukueni watoto na mpande mahali pa juu mara moja. Vyeti, fedha, dawa na tochi viwekwe pamoja katika mfuko wa nailoni tangu siku ya tangazo. Watoto waonyeshwe njia mchana, ili usiku waijue. Vyombo na kuku viachwe. Hakuna sufuria yenye thamani ya mtoto.

Mtabiri hawezi kutaja nyumba ya nani itakayofikiwa, wala huenda mvua isinyeshe kama ilivyotazamiwa. Aliyehama bure amepoteza usingizi wa usiku mmoja. Naye askari aliye mbali hufanya kazi yake kwa moyo uliotulia akijua kwamba jamaa yake haitangoja maji yafike mlangoni.