Korongo taji: bwawa likikauka, naye anapotea

Ni ndege mwenye kimo cha karibu mita moja, manyoya ya kijivu, mashavu meupe na taji la rangi ya dhahabu kichwani. Kwa Kiswahili ni korongo taji; wanaosema Kinyarwanda wanamwita umusambi. Uganda imemweka hata kwenye bendera ya inchi. Upande wa mashariki ya Kongo anaonekana pia, kwa mfano katika mbuga ya Virunga. Lakini tangu 2012 yuko kwenye orodha ya ndege walio hatarini kutoweka duniani. Juu ya nini?

Nyumba yake ni bwawa

Usiku korongo taji analala juu ya miti, lakini mayai anayataga ndani ya bwawa, katikati ya majani marefu na matete. Kwa kawaida ni mayai mawili ao matatu. Dume na jike wanayalalia kwa zamu, karibu mwezi mzima. Bwawa likitobolewa mifereji ili watu walime, maji yanaondoka, na mbwa ao mtu anafika kwenye kiota bila hata kuloana miguu.

Watoto wanauzwa

Mtoto wa korongo anakaa zaidi ya miezi miwili mbele ya kujua kuruka. Wakati huo ni rahisi kumukamata. Wengine wanauzwa kwa watu wanaotaka ndege wa kupamba lupango ao hoteli. Huko ni vigumu azae. Kwa hiyo, mtoto mmoja akikamatwa, ni kama kizazi chake kimekatika pale pale. Na kumupitisha mpaka bila ruhusa kunakatazwa na mkataba wa CITES, ambao Kongo imo.

Mulimi anapata nini?

Ni kweli, korongo anaweza kula mbegu na mimea michanga, na wakulima wengine wanamuwekea sumu. Lakini anakula pia panzi na wadudu wengine: anapiga miguu chini, wadudu wanaruka, anawadonoa. Tena bwawa linalomulinda ndilo linalotunza maji wakati wa kiangazi.

Ukikuta kiota, usikiguse. Ukikuta mtoto peke yake, mwache: mara nyingi wazazi wako karibu. Na mtu akikuletea korongo wa kuuza, usinunue, hata kama unamuonea huruma. Pesa yako itamurudisha bwawani kutafuta mwengine.