Ajira Kama Bei ya Kura: Somo la Chicago

Richard J. Daley alichaguliwa meya wa Chicago mara sita kuanzia 1955, huku akiwa pia mwenyekiti wa chama cha Democratic katika wilaya ya Cook. Kofia hizo mbili ndizo zilizompa nguvu: umeya ulizaa ajira, uenyekiti ukaamua nani azipate. Inakadiriwa kuwa nafasi zaidi ya 30,000, za wazoa taka hadi makarani, zilipitia mikononi mwa wakubwa wa chama. Aliyepata kazi alikabidhiwa mtaa. Aligonga milango, akawasikiliza wenye shida, akawaombea nafuu kwa diwani, na siku ya uchaguzi akahakikisha kila aliyefadhiliwa amepiga kura. Kura zikipungua mtaani kwake, kibarua kiliota nyasi.

Wengi husema mtandao huo wa chama ulikufa pamoja na Daley, Desemba 1976. Historia inakataa. Anton Cermak, aliyeuasisi, aliuawa kwa risasi mwaka 1933, lakini Edward Kelly na Patrick Nash wakauendeleza bila kuyumba. Kifo cha kiongozi, basi, hakikutosha kuuua. Tofauti ni kwamba warithi wa Daley walikuta ajira haiko tena mikononi mwao kama zamani. Wakili Michael Shakman alifungua kesi mwaka 1969, na mwaka 1972 makubaliano ya mahakamani yakakataza kumfukuza au kumwadhibu mtumishi kwa sababu za kisiasa. Mwaka 1983 katazo likafika hadi kwenye kuajiri. Mtumishi asiyeogopa kufukuzwa ana sababu gani ya kuhangaika na milango ya watu usiku wa baridi? Theluji ya Januari 1979 ilipomshinda meya Michael Bilandic, chama hakikuweza kumwokoa. Mwezi uliofuata Jane Byrne akambwaga katika kura za mchujo.

Wako wanaoutetea mtandao ule kwamba uliwafaa wahamiaji na maskini wasiokuwa na mtetezi. Ni kweli, lakini ulichogawa kilikuwa hisani, na hisani haidaiwi. Mwaka 1963 kura za Wamarekani weusi zilimwokoa Daley alipopoteza wazungu wengi. Hata hivyo watoto wao waliendelea kusongamana madarasani, na familia zao zikarundikwa katika maghorofa ya Robert Taylor Homes. Miaka 20 baadaye wakajiandikisha kwa wingi na kumpa umeya Harold Washington, ingawa madiwani 29 kati ya 50 waliungana kumkwamisha.

Je, mtandao ulikufa kabisa? Hapana. Chini ya meya Richard M. Daley, mtoto wa Richard J., maofisa wa jiji walitiwa hatiani mwaka 2006 kwa kuchakachua ajira ili kuwatunuku wapiga kampeni. Katazo la mahakama bila usimamizi halitoshi. Anayetaka kupima uhuru wa uchaguzi katika mji wake asiishie kwenye masanduku ya kura. Achunguze kwanza halmashauri inaajiri vipi.