Kazi Yenye Ijara na Hadhi

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Tanzania, ya mwaka 2010, humlazimu mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuhakikisha kuwa asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Lakini, kwa rai yangu, dhuluma haiondoki ikiwa fundi hodari huajiriwa ili hesabu itimie, kisha akawekwa mlangoni pasipo shughuli ya maana.

Huko Iringa, katika karakana ya Neema Crafts, iliyoasisiwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, vijana viziwi walifunzwa kutengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo, ambacho huoshwa na kuchemshwa hata zikabaki nyuzi za majani ambazo tumbo la mnyama halikuzisaga, nazo hutandazwa juu ya wavu na kuanikwa. Mkahawani mwao wahudumu ni viziwi. Mgeni huandika haja yake kikaratasini, akaletewa, wala hapana taabu yoyote. Basi mwajiri adhaniye kwamba gharama zitamlemea na atazame kwanza vitu hivi vyepesi: kalamu, karatasi, na mteremko wa saruji penye ngazi.