Kilomita 10 kila asubuhi, mbona mzani haushuki?

Septemba 15, 2025, Alphonce Simbu, mzaliwa wa Singida, alishinda marathoni ya Mashindano ya Dunia jijini Tokyo kwa saa 2:09:48. Ukimwona alivyo mwembamba, ni rahisi kusema: basi na mimi nikikimbia, kitambi kitaisha. Ngoja kwanza. Mwili mwepesi hutumia nguvu kidogo kwa kila hatua, kwa hiyo wembamba wenyewe ni mojawapo ya mambo yanayomfikisha mkimbiaji huko juu. Halafu kwake mbio ni kazi. Wewe una saa moja tu kabla ya kwenda kibaruani.

Tupige hesabu. Kwa makadirio, kila kilomita unayokimbia inatumia kalori moja kwa kila kilo ya uzito wako (hizi kalori zinazoandikwa kwenye pakiti za vyakula). Mtu wa kilo 70 akikimbia kilomita 10 anatumia kama 700. Sasa, kilo moja ya mafuta ya mwilini ina kama 7,700. Yaani akimbie kilomita 110, karibu umbali wa Singida mjini hadi Manyoni, na asiongeze hata tonge moja!

Tatizo ni kwamba tonge linaongezeka. Mbio ndefu zinaleta njaa, na unajiambia "leo nimestahili". Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta yetu ya alizeti kina kalori kama 120. Ukimimina viwili zaidi kwenye mboga, kilomita tatu zimekwenda.

Kuna jambo la pili, na ushahidi wake umetoka jirani kabisa. Wahadzabe wanaishi kuzunguka Ziwa Eyasi, baadhi yao huku kwetu Mkalama. Mwaka 2012, Herman Pontzer na wenzake walichapisha utafiti waliopima nguvu ambayo Wahadzabe 30 hutumia kwa siku. Wanaume walitembea kama kilomita 11 kila siku, wanawake kama 6. Lakini ukizingatia ukubwa wa miili yao, jumla ya kalori walizotumia haikutofautiana na ya watu wa Marekani na Ulaya wanaokaa sana.

Inawezekanaje? Maelezo ya Pontzer ni kwamba mwili hubana bajeti kama familia mwisho wa mwezi: ukitumia zaidi kwenye misuli, unapunguza kwingine. Wanasayansi bado wanabishana unabana kwa kiasi gani, ila ndiyo maana faida ya mbio kwenye mzani huwa ndogo kuliko hesabu ya karatasi.

Je, uache kukimbia? Hapana, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanaona mzani umegoma, wanatupa raba. Wakati huohuo mbio zinaimarisha moyo, zinasaidia kushusha presha, na zinafanya misuli itumie sukari ya damu vizuri zaidi, hata kama hujapungua kilo moja. Pia ukishapungua, mazoezi yanasaidia uzito usirudi.

Kama lengo ni kupungua, anzia jikoni: pima mafuta kwa kijiko, punguza soda, ugali uwe mdogo na mboga ziwe nyingi. Asubuhi endelea kukimbia. Na kama una presha, kisukari au maumivu ya kifua, muone daktari kabla hujaanza mbio ndefu.